Ukurasa wa Asumani

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Nimeficha jambo moja kuhusu mwanangu Asumani. Mama yake amezikwa hajalijua. Dada yake Riziki halijui. Mtaa wetu mzima wa Murara unajua kwamba Asumani alikufa siku lava ya mlima iliposhuka mjini, akiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Sikuuona mwili wake. Hakuna aliyeuona.

Naandika kwa sababu miguu imevimba hadi magotini na daktari ameacha kunikataza chumvi. Mgonjwa akiruhusiwa chumvi, anaelewa.

Vidonge vitatu. Uji. Kisha kazi. Riziki anamaliza masters ya saikolojia, na kitabu chake cha kuhitimu ni juu ya usonji. Autisme, wanavyosema chuoni. Nilifundisha saikolojia karibu miaka thelathini, basi ninamsahihishia Kifaransa kwa kalamu nyekundu. Kurasa kumi asubuhi, tano jioni. Anakipeleka chuoni tarehe 16.

Ukurasa wa kwanza ni wa kutabaruku. Mstari mmoja tu: À feu mon frère Asumani. Kwa ndugu yangu marehemu Asumani. Feu ni marehemu. Feu ni moto vilevile. Aliniuliza akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi: «Papa, wanaandikaka feu mon frère ama mon feu frère?»

Nikamwambia zote mbili ni sahihi. Kwa sarufi, ni kweli.

Jumatano, tarehe 4 Oktoba

Sura ya pili. Watoto wanaorudia maneno waliyoambiwa. Riziki anaandika kwamba kurudia si utupu. Mtoto mwenye kiu anasema «Unataka maji?» kwa sababu kila mara maji yalipokuja, yalitanguliwa na maneno hayo. Kwake hilo ndilo jina la maji.

Asumani alisema hivyo hivyo. «Unataka maji?» Nami nilikuwa nikimkaripia. Sema nataka. Sema nataka! Siku moja nilimnyima maji hadi adhuhuri ili aseme nataka. Hakusema.

Katika mafundisho yangu nilikuwa na ukurasa mmoja juu ya usonji. Niliusoma darasani kila mwaka, wanafunzi wakaandika. Nyumbani niliacha watu waseme mtoto ana jini. Mama yake alimpeleka kusomewa dua, huku na huku, mvua ikimnyeshea. Mimi nilikuwa na jina la kile kitu mfukoni. Niliona haya kulitamka mlangoni kwangu.

Mchana Riziki ameleta kabichi. Siku hizi ni shida kuipata, barabara ya Rutshuru ina vita na mashamba ya Kibumba, zinakotoka kabichi, yamebaki bila watu. «Hii nimeipigania sokoni, Papa. Leo utakula.» Sikula. «Sijaona muzee mwingine anaogopa kabichi,» akasema, akacheka hadi akakaa. Hajui kwa nini sigusi kitu kinachotoka Kibumba. Wakati wa lava alikuwa na miaka miwili, mgongoni kwa mama yake.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba

Sikusoma hata ukurasa. Pumzi fupi. Nimesali kitandani kwa macho.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Kwa sura ya tatu Riziki anahitaji watu wazima. Kila mtu anaandika juu ya watoto, anasema, kama vile hawakui. Kwa hiyo amekuwa akienda kambini, nje ya mji, walikokimbilia watu wa Kibumba.

Leo amerudi na vumbi jeusi hadi kwenye nyusi. «Papa, nimepata mutu wangu!»

Kuna mama mkulima, mjane, mzee. Anaishi hemani na mwanamume wa karibu miaka thelathini. Hasemi neno lake mwenyewe. Anapanga mawe madogo mbele ya hema, na mtu akiyapangua anaanza upya. Wanamwita Wewenani.

«Jina gani hilo?» nikauliza.

«Alikuwa mutoto, wakamuuliza, wewe nani? Naye akajibu, wewe nani? Basi likabaki.» Akacheka kidogo. Halafu hakucheka tena. «Yule mama haelezi amemupata wapi. Anasema paka hivi tu: ni wangu, Mungu amenipa. Naona anaogopa watamunyanganya.»

Riziki ameandika haya yote kwenye daftari lake, hana wasiwasi wowote. Kwake kaka yake yuko chini ya jiwe jeusi tangu zamani. Nilimwapia.

Nilimwomba anisaidie kulala. Ilikuwa saa kumi ya mchana.

Jumanne, tarehe 10 Oktoba

Amemrekodi kwenye simu. Alitaka nisikilize, nimpe maoni ya mwalimu. Aliiweka simu juu ya blanketi, karibu na mkono wangu.

Makelele ya kambi kwanza. Jogoo. Mama anaita mtu. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, siijui.

Anakohoa mara mbili, kavu. Halafu: «Simama hapa. Papa anarudi.»

Kimya. Anakohoa mara mbili. «Simama hapa. Papa anarudi.»

«Sikia!» Riziki akasema. «Anakohoa sawa wewe!» Akanigonga bega kwa utani.

Mimi nakohoa hivyo kabla ya kusema jambo lolote. Wanafunzi wangu waliniiga kwa kikohozi hicho, mara mbili, kavu, darasa zima likaanguka kwa kicheko. Maneno yale ni yangu. Niliyasema mara moja tu maishani, kwenye lango la bati la bluu, na aliyeyasikia ni mtu mmoja.

Yuko huko. Amelihifadhi neno langu miaka ishirini na moja, pamoja na kikohozi changu.

Riziki aliniuliza nina maoni gani. Nikasema kelele ni nyingi.

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba

Kurasa za Wewenani zimefika mkononi. Ameandika vizuri, mtoto wangu. Sentensi fupi, hakuna madoido. Chini ya maneno yaliyorudiwa ameandika: asili ya usemi haijulikani.

Kalamu nyekundu ilisimama hapo. Nilisahihisha nukta mbili kwenye mstari uliofuata.

Basi niandike asili ya usemi.

Lava ilikuwa juu ya mtaa. Mama yake alitangulia na Riziki kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikuwa na Asumani. Alikuwa akigusa kila lango tulilopita, na kwenye lango la bluu alikaa chini, akashika chuma. Nilimvuta. Akapiga yowe. Watu walitupita na magodoro vichwani, mmoja akanitukana. Nikakumbuka kwamba diploma zangu zimebaki nyumbani, kwenye bahasha, juu ya kabati. Nikakohoa. Nikamwambia, simama hapa, Papa anarudi. Nikarudi kuchukua diploma.

Nilizipata. Nilipotoka, lava ilikuwa imekata njia kati yangu na lile lango. Haikwenda haraka. Ilitembea kama mtu mzima. Waliokuwa upande wa pili walipanda kuelekea Kibumba, na sisi wa upande huu tukaenda Gisenyi. Nilimkuta mke wangu jioni, nikamwambia nimeona kwa macho yangu lava ikimfunika mtoto.

Diploma ziko ukutani, mbele ya kitanda. Bahasha ilinuka moshi miaka mingi. Riziki alipokuwa mdogo alizoea kusimama chini ya diploma hizo na kusoma jina langu kwa sauti. Anasema ndizo zilizompa hamu ya kusoma.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Leo nilikusudia kusema.

Nilimwita. «Riziki, kaa.» Akakaa, akafunga komputa, akaniangalia. Ana macho ya mama yake, hayakimbii. Nilikohoa mara mbili. Nikasikia kikohozi changu mwenyewe.

«Unataka maji?» akauliza.

Nikajibu: «Unataka maji.»

Alidhani namchezea. «Eh, Papa! Utaingia nawe katika sura ya tatu!» Akaenda kuleta maji, bado anacheka. Niliyanywa yote. Alikaa tena, akangoja kidogo. Nikamwambia aende, ana kazi.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga mwenye afya, sasa ni mwoga mgonjwa. Daktari hakuahidi kwamba nitaiona Jumatatu. Nikifa kabla, Riziki atapeleka kitabu chenye ndugu mmoja marehemu mwanzoni na mtu mmoja asiyejulikana katikati, na hatajua kwamba ni mtu yuleyule. Yule mama naye ni mzee. Akifa, nani atajua hata jina la kumwita?

Jumapili, tarehe 15 Oktoba

Asubuhi tulivu. Mlima umefunikwa. Riziki amekwenda kuchapisha kurasa za mwisho, atarudi saa sita.

Nimekula kabichi iliyobaki. Niliiomba mwenyewe. Haina ladha mbaya.

Nimefungua ukurasa wa kwanza na kufuta neno feu kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja, kama ninavyofuta kosa la sarufi. Imebaki: kwa ndugu yangu Asumani. Kwenye sura ya tatu, palipoandikwa asili haijulikani, nimeandika pembeni: tazama daftari la baba yako. Daftari hili nitaliweka humo, kati ya kurasa hizo mbili. Atalikuta kabla ya kufika chuoni.

Riziki, utakapomwendea, usimwambie simama. Gusa lango, au jiwe, chochote alichokishika, ukae naye. Na yule mama umsalimie kwanza. Umwite mama.

Bado moja. Nililiacha nyuma siku zote hizi, nikitumaini hili la diploma litatosha.

Wiki tatu baada ya lava tulikuwa tumerudi, tumepewa chumba kwa shemeji. Mke wangu alikuwa uani anafua, wewe uko karibu naye. Nilikuwa peke yangu ndani na redio. Walikuwa wanasoma orodha ya watoto waliopotea. Mtoto mwanamume, miaka kama saba, hasemi jina lake, ukimuuliza swali anakurudishia swali. Yuko Kibumba, kwa mama mkulima. Mwenye kumjua aje.

Chumba kilikuwa kimya. Tangu Asumani azaliwe, zile wiki tatu ndizo za kwanza nilizolala usiku kucha. Hakuna jirani aliyeniuliza tena mtoto wa mwalimu ana nini. Walinipa pole tu.

Nilisikia kila neno. Nikazima redio.