Mistari Inayoguswa kwa Ukucha

Satellite, Riruta
Jumapili

Kwa Mami mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumai magoti yametulia kidogo na ng'ombe amezaa salama. Huku sisi ni wazima. Wajina wako Waringa ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata kidole cha pasta.

Mami, kuna jengo moja huku tao, katikati ya mji, ambalo ukuta wake wa mawe humulikwa jioni kutoka chini hadi juu. Taa huzioni, unaona ukuta tu. Ule mwanga niliunyoosha mimi.

Usicheke. Hapa Riruta kuna karakana ya taa ya Manpreet, dada Kalasinga asiye na subira. Kila taa huwekwa lenzi, kioo cha duara kinachopeleka mwanga mahali unapotakiwa. Taa za jengo lile zilipowashwa mara ya kwanza, ukuta ulitoka madoadoa kama kichwa chenye mabaka ya mashilingi, na wapita njia wakafunika macho. Manpreet akafoka kwamba lenzi ni mbovu, zirudishwe zote. Fundi Mwanzia akasema ubaya ni wa ukuta. Manpreet akamuuliza kama basi aurudishe ukuta dukani.

Mimi nilikuwa nafagia pale karakanani. Nikaokota lenzi moja, nikaipitishia ukucha. Ina mistari, Mami, myembamba kuliko ile ya kichana cha mkia cha kusukia, jicho haliioni. Nikawaambia mistari ya kila lenzi imelala upande wake, kama mtu amesuka bila kugawa nywele. Mwanzia akaniita daktari wa ufagio. Manpreet hakucheka. Tulizigeuza zote arobaini mistari ielekee upande mmoja, mimi nikizipima kwa ukucha, na jioni mwanga ukapanda ukuta umenyooka hadi juu. Siku hizi lenzi haiingii kwa taa kabla sijaigusa, na Mwanzia ananiita madam.

Sasa lile gumu. Kiti chako cha ususi pale Kenyatta Market, ulichoniachia magoti yalipokataa, nilimpa msusi mwenzangu Ciru mwezi wa Januari. Kila ulipopiga simu kuuliza wateja wako, nilikudanganya. Dawa za nywele zilimfanya mtoto akohoe mgongoni mwangu, nikaenda kufagia. Niliogopa utasema nimetupa kazi uliyonifunza. Sijaitupa, Mami. Ukucha huu ni wewe uliyeufunza.

Njoo Agosti. Nitakusimamisha chini ya ule ukuta, na kama bado umekasirika, nigombeze hapo hapo. Nitakuwa nakuona uso vizuri.

Msalimie Kibe na wote wa nyumbani. Wajina wako anakupungia mkono.

Ni mimi mtoto wako,
Mwihaki