Mlango Uliopungua Vidole Vinne

Baba, shikamoo.

Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini usidhani nimepoa. Nina hasira na wewe, na zaidi na mimi mwenyewe. Tangu Jumamosi ile chaki inanikatikia ubaoni, na wanafunzi wangu hapa Endasak wananiangalia tu bila kuuliza.

Ni Shangazi aliyesema. Nilikwenda kwake Bashay na habari njema: mdogo wangu Safari anaoa, harusi ni Arusha, na kwa kuwa wewe hupo, yeye dada yako ndiye atakayesimama mahali pako. Nyonga zake sasa zimekataa kabisa. Kile kiti mwendo chako tulimpa yeye baada ya msiba, na anakiendesha vibaya kuliko wewe, kuku wote wa pale wanamjua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi wa malazi, nitachukua chumba kilekile nilichokupangia wewe tulipokwenda kwenye mahafali ya Safari. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaacha. Akasema, "Mimi siendi kulala mahali kaka yangu alipokaa na kiu."

Nikacheka, Baba. Nilidhani ni yale maneno yake ya siku zote.

Ndipo akanieleza. Mlango wa bafu la chumba kile, mlimo na choo, ulipungua vidole vinne, kiti hakipiti. Ulijaribu mara moja nilipoenda chumbani kwangu, ukachubuka mkono, ukarudi nyuma. Kuanzia hapo hukuweka kitu cha majimaji mdomoni mpaka tulipoondoka, ili usihitaji kwenda. Ulipozidiwa ulitumia chupa tupu, ukaifunga kwenye shati, ukaificha kwenye begi ili mfagizi asiione. Siku mbili! Na begi lile nililibeba mimi. Nakumbuka nilikutania kwamba umewaibia sabuni.

Nilikaa pale na gunzi mkononi mpaka Shangazi akaninyang'anya. Anasema ulimwapisha asiniambie kamwe.

Sasa kila kitu kinarudi na sura nyingine. Ile chai niliyokuletea asubuhi ukaikataa, ukasema ng'ombe wa mjini wanakula karatasi ndiyo maana maziwa yao hayana ladha, nikacheka nikainywa mimi. Ile soda ya ukumbini uliyompa mama wa kiti cha jirani. Nikajisifu moyoni kwamba baba yangu mkarimu. Picha ya siku ile ipo ukutani kwangu, wewe katikati, Safari na joho lake. Midomo yako imekauka imepasuka. Nimeipita picha hiyo kila siku tangu utuache na sikuwahi kuiona midomo.

Na njiani tukirudi, gari liliposimama watu wachimbe dawa, wanaume wawili wakakubeba hadi nyuma ya kichaka, ukakawia. Dereva akasema, "Mzee anachimba dawa au anachimba kisima?" Gari zima likacheka. Mimi binti yako nilicheka kuliko wote. Nisamehe, Baba. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine yote.

Unajua nilivyokitafuta chumba kile? Nilipiga simu lodge saba. Niliuliza ghorofa ya ngapi. Niliuliza ngazi za mlango mkubwa ni ngapi, kitanda kina urefu gani, maji ya moto yapo, chumba ni self au bafu liko nje. Yule dada wa mapokezi akaniambia, "Dada, hapa wenye viti wanalala sana tu," nikafurahi. Lakini choo chenyewe, mlango wake, pa kujishikia, sikuuliza. Swali lilinifika kooni nikalimeza. Nilikuwa ofisini, walimu wenzangu wamekaa, na kwetu binti hataji choo cha baba yake. Hata nyumbani hatukuwahi. Miguu yako ilipokataa, Safari alikujengea choo chenye mlango mpana kama wa zizi, hakuna aliyesema kitu, ukawa unajiendea mwenyewe. Mimi nilikuwa naangalia pembeni ukipita. Nikaona hiyo ndiyo adabu, na wewe ukaona hivyohivyo. Tukaenda mjini na adabu yetu, mimi nikashindwa kuuliza, wewe ukashindwa kusema, na kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja tu wa matofali. Ungegonga, Baba! Ningekuja. Ningemwita Safari, ningemwita mlinzi, ningeung'oa mlango kwa meno.

Hukugonga.

Shangazi akagoma kabisa. Akasema yeye hatanyamazia jambo kama wewe, ni heri abaki na kuku wake. Safari aliposikia akasema bila Shangazi haoi, maana hawezi kusimama mbele ya wakwe peke yake kama mtu aliyeokotwa. Basi Alhamisi nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaazima kiti kwa Shangazi, nikapanda basi nacho mpaka Arusha.

Nilianzia lodge ileile uliyolala wewe. Nikakaa kwenye kiti mimi mwenyewe, nikajisukuma mpaka mlango wa bafu. Kikagoma. Nikapima nafasi iliyopungua kwa vidole vyangu: vinne. Kwenye fremu kuna michubuko mingi, si ya kwako peke yako. Nilipomweleza yule dada wa mapokezi, akaniuliza kwa upole, "Mbona mzee hakusema?" Nikakisukuma kiti hadi nje.

Lodge ya pili ina ngazi. Ya tatu mlango unapita, ila ukishaingia huwezi kugeuka. Ya nne, nyuma ya soko, niliingia na kiti, nikageuka, nikafunga mlango. Choo cha kukaa, bomba la chuma la kujishikia ukutani upande mmoja. Nilikaa mle ndani muda mrefu nikilia, mpaka mhudumu akagonga akidhani nimekwama.

Nilipotoka kusema nakichukua, nikagundua nilikuwa karibu kurudia kosa lilelile. Bomba liko kushoto tu. Nikampigia Shangazi palepale mapokezi. Hasikii vizuri, unajua, nikalazimika kupaza sauti, na kulikuwa na wanaume watatu wanaangalia mpira. Nikasema, "Shangazi, ukiwa chooni unajishikia upande gani? Unajiinua mwenyewe au nikuinue?" Wanaume wakageuka. Nikajua nimemvunjia heshima. Kisha akasema polepole, "Kushoto, mwanangu. Na uniinue."

Anakuja harusini. Nitalala naye chumba kimoja, na nitamwinua mimi, kila atakapohitaji. Hilo nakuahidi, na jingine ni hili: mzee yeyote nitakayempangia safari nitamuuliza, hata nikiona aibu, hata akinikasirikia.

Lala salama, Baba. Safari anakusalimu, hajui habari ya chupa na sitamwambia. Nimekuandikia yote haya na bado kuna kitu kinanishtua kila nikifumba macho. Shangazi ni kushoto. Wewe nilikaa na wewe maisha yangu yote, na sijui ulikuwa unajishikia upande gani.

Binti yako.