Herufi C ya Mchoro wa Pini

Jumanne, 3 Mei 2011

Sura ya nne ya kitabu changu imekwisha, ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Nimeifikisha kampuni ya Rawstron hadi vita vya pili, walipoacha mabasi wakaunda magari ya jeshi. Ilianza na ndugu wawili wahunzi, 1898, na gari la mvuke lililokwenda polepole hadi ng'ombe wakalipita. Mji wetu ukaishi kwa malori miaka themanini na minne. Sasa palipokuwa kiwanda pana duka la mazulia — na sisi wazee tuna chumba kimoja cha makumbusho nyuma ya maktaba.

Denise, aliyekuwa karani wa kiwanda, ndiye anayenipigia taipu kitabu. Ananisuta: kurasa tatu juu ya springi, mzee Edgar, nani atazisoma? Nikamwambia atazisoma yeyote aliyewahi kukaa juu ya springi mbovu. Kurasa tatu zinabaki!

Leo pia limeletwa furushi la michoro, limetoka darini mwa mtu. Ni ya ofisi yetu ya wachoraji. Keshokutwa nitalifungua.

Alhamisi, 5 Mei

Kitambaa kimoja. Pini ya breki, lori la tani kumi na mbili, 1963. Mwandiko wangu.

Tulichora kwa wino juu ya kitambaa kigumu kinachopitisha mwanga, na nakala za karatasi zikatolewa hapo kwenda karakana. Ukitaka kubadilisha kipimo, unakwangua wino kwa wembe, unaandika kipya, kisha unapandisha herufi ya pembeni: B inakuwa C, C inakuwa D. Ndiyo sheria yenyewe. Herufi isipopanda, fundi hana njia ya kujua kwamba karatasi aliyo nayo imepitwa.

Nimekiinua dirishani. Chini ya "robo tatu inchi" kuna kivuli cha "nusu". Herufi ya pembeni ni C. Haijaguswa na wembe.

Nimekikunja. 

Jumapili, 8 Mei

Niandike basi, hapa hasomi mtu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya mji. Enzi zile kiwanda, vinu vya pamba, hata mwoka mikate — wote walifunga wiki ile ile moja, na mji mzima ukahamia Blackpool, pwani. Ukimkimbia jirani hapa, unamkuta ufukweni kiti cha pili! Treni ilikuwa saa saba. Mkuu wa ofisi alikuwa ameagiza pini inenepeshwe, maana lori limeongezewa mzigo. Nikakwangua, nikaandika. Herufi nitaipandisha nikirudi, nikasema. Begi langu lilikuwa chini ya meza.

Nilirudi nimebabuka ngozi kwa jua, wala sikukumbuka.

Mwezi wa tisa pini ikakatika mteremkoni. Dereva akapoteza mguu. Ofisi ikatoa kitambaa: robo tatu, herufi C. Clifford Nuttall, mkaguzi, rafiki yangu tangu masomo ya jioni, alikuwa amepitisha pini za nusu inchi. Alisema karatasi yake iliandikwa nusu, herufi hiyo hiyo. Lakini karatasi zilizochakaa zilichomwa tanurini kila mwezi — hakuwa na cha kuonyesha. Wakamnyang'anya muhuri wa ukaguzi. Akafagia uwanja hadi kiwanda kilipofungwa.

Nilijua? Nilikumbuka siku ya tatu ya uchunguzi. Hakuna aliyeniuliza. Nami nikakufanya kule kutoulizwa kuwa sawa na kutojua.

Jumatatu, 9 Mei

Nimemwonyesha Denise. Alikitazama muda mrefu. Nikasema ukurasa wa ajali lazima uandikwe upya kabla kitabu hakijaenda kwa mchapaji Ijumaa.

"Clifford kafa miaka sita sasa," akasema. "Atakayeumia ni Hilda."

Ataumiaje, nikauliza, na jina la mumewe linasafishwa?

"Humjui shemeji yako, mzee. Kiwanda kilimhukumu Clifford mara moja. Mkewe alimhukumu kila siku."

Hilo sikulijua. Niliacha kwenda kwao mwaka ule ule. Kazi nyingi — ndivyo nilivyojiambia.

Denise anashauri ningoje. Bibi ana miaka themanini na tisa, mwache aende na amani yake. Nimewaza jioni nzima. Amani ile nimeijenga mimi, kwa wembe. Na nikingoja, nitakuwa namngoja yeye au naingoja nafuu yangu?

Jumatano, 11 Mei

Jikoni kwa Hilda. Naandika hapa hapa mezani, nipate cha kufanya na mikono.

Alinifungulia mwenyewe. "Edgar! Nilidhani umekufa."

"Bado, shemeji."

"Basi futa miguu."

Akanikatia keki ya tangawizi, akateleka birika. Nikakishika kitambaa dirishani. Nikaeleza wembe, herufi, treni ya saa saba. Maisha yangu yote nimeeleza watu mambo, sijapata kueleza vibaya namna ile. Hakunikatiza. Akatia kidole pale penye kivuli.

"Kwa hiyo alipima sawa."

"Sawasawa, shemeji."

Akakiondoa kidole. Kisha: "Miaka arobaini na miwili. Akipima rafu, akipima pazia, nilimwambia, ngoja aje mtu mwenye macho. Mbele ya watoto! Naye akicheka tu, anaweka futi chini."

Nikasema kosa ni langu.

"Lako ni lako," akasema. "Langu nalo?"

Akaniambia nikae. Akapanda ghorofani, ngazi moja moja. Imepita dakika ishirini. Birika lilichemka, nimeliepua. Keki sijaigusa. Niliinuka nikamtazame, nikafika chini ya ngazi. Nikasikia sauti yake, nikadhani ananiita. Nikaitika: naam, shemeji?

Haongei na mimi. Anaongea na Clifford.