Laurenti Anafunga

Jumatano, 6 Machi 1957
Misa ya asubuhi, majivu, kisha kufua. Majivu yamenishuka mpaka puani nikiinama ku beseni. Sikupangusa. Mangaribi nimepika bugali na maharagi. Laurenti amesukuma sahani. Anasema Kwaresima hii hatakula chakula cha jioni kabisa, anamutolea Mungu. Seremala, mutu wa kusukuma randa kutwa nzima! Nimeona haya. Mimi nimeacha sukari tu.

Jumatatu, 11 Machi
Hakula tena. Tangu tumuzike ndugu yake Deo, mwezi wa kwanza, amekuwa mutu wa kunyamaza. Labda kufunga kutamutuliza. Ninamuombea. Ninajivunia bwana yangu.

Jumapili, 17 Machi
Hakondi.

Jumanne, 19 Machi
Nimejua. Jirani yangu Maman Adela ameniambia ku robine, tukingojea maji: "Bwana yako iko anakula kwa mama yake kila mangaribi. Sikutaka ukuwe wa mwisho kujua."
Nimeenda Kadutu, kwa mama mukwe. Mulango ulikuwa wazi. Laurenti, tonge la bugali mukononi, akabaki vile vile. Mama yake ndiye alisema: "Deo alikula kwako, akakufa. Sasa unataka na huyu?"
Sijui nimerudi nyumbani namna gani.

Jumatano, 20 Machi
Deo alikula kwetu siku ya Mwaka Mupya. Tulikula wote, sahani moja. Dokta alisema utumbo ulijisokota. Laurenti mwenyewe alikuwa pale, alisikia. Sasa ninaelewa kwa nini wanawake wa ukoo wao hawakugusa chai yangu ku matanga.
Sumu. Mimi.

Jumamosi, 30 Machi
Nimeacha kula, mimi pia. Nikae na njaa, aone. Haoni. Leo nimeenda kuungama, nikamuambia Padri mambo yote ya Laurenti na mama yake, na kama ninafunga sana. Akauliza: "Kwa ajili ya Mungu, ao kwa ajili ya bwana yako?"
Nilikasirika. Akasema nisamehe mbele ya Pasaka. Kusema ni rahisi. Padri hapikii mutu anayemuogopa.
Njiani nimenunua ndizi, nimekula. Alisema kweli, ndiyo sababu nilikasirika.

Ijumaa, 5 Aprili
Ninaenda Kavumu, kwa baba. Laurenti amenikuta nikifunga nguo zangu mu kitenge. Akakaa ku kiti.
"Mama simuamini," akasema. "Lakini sahani ikifika mbele yangu, koo inakataa."
"Basi ungeniambia mimi. Woga ni wako. Mungu ulimuingiza kwa nini?"
Akalia. Hata kwa Deo hakulia. Nimeondoka.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili. Kavumu
Baba hajauliza kitu. Tunalima. Ku misa tulishika matawi, watu waliimba, mimi nilifungua kinywa tu. Ninamuchukia Laurenti. Na kila baiskeli ikipita barabarani ninainua kichwa.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili
Amekuja. Kwa baiskeli, toka Bukavu, matope mpaka magotini. Alipita kwanza kwa mama yake. Amemuambia mbele ya wajomba kama hatakula tena kwake mpaka aondoe neno lile. Mama hakuliondoa.
Kisha Laurenti ameniomba chakula, baba yangu akisikia. Leo!
"Ni Ijumaa Kuu," nikamuambia. "Hapa hatukuwasha moto."
Baba akageuka ukutani, mabega yakitetemeka. Alikuwa anacheka, muzee. Mimi sikucheka. Laurenti akakaa ku jiwe mbele ya nyumba, akafunga pamoja na sisi. Naona ni mara ya kwanza Kwaresima hii.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka
Nimepika bugali na kuku wa baba. Kwetu mupishi anaonja mbele, ili anayekula asiogope. Nilinyoosha mukono. Laurenti akaushika, akaurudisha chini. Akakata tonge, akachovya. Jasho lilimutoka ku paji la uso. Alitafuna polepole sana. Alimeza. Akakata lingine.
Mimi nikakata langu.
Mama yake sijamusamehe. Ku misa asubuhi nilijaribu kumuombea, jina likanikwama. Nitajaribu kesho.
Mvua imeanza. Baba amelala ku kiti chake, na Laurenti anaosha sahani.