Mafuta Ambayo Hukuyala

Mdogo wangu Issa,

Wewe umelala. Mimi silali, na kosa ni lako. Tangu arobaini yako ipite, nafundisha somo lile lile kwa watu wanaonijibu "ndiyo, yaya", kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, huku wakitazama mlango. Nilifundisha biolojia mpaka nikastaafu, lakini darasa gumu kama ndugu zetu sikuwahi kulipata.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka hospitali? Daktari alikuwa amekuambia kisukari kimepanda na ini limejaa mafuta. Ukasimama uani ukawaambia dada zetu, "Mimi sikulake mafuta. Basi Zuhura ananitilia kwa siri." Mkeo alicheka kuliko wote, maana ndiye aliyekupikia pondu, majani yale ya muhogo, bila mawese kwa amri yako, chakula ambacho mtu wa Kisangani hakimezi kwa hiari.

Sasa hakuna anayecheka. Mzaha wako umekuwa ushahidi, Issa. Dada Mariamu anasema asiyekula mafuta hawezi kujaa mafuta ndani isipokuwa amewekewa kitu, na aliyeshika mwiko ni mmoja. Wanataka Zuhura atoke nyumbani kwako kabla hata ya eda kwisha. Wewe ungelimaliza jambo hili kwa neno moja tu, na husemi. Samahani. Najua huwezi.

Nimewaeleza. Nakueleza na wewe, kwa kuwa ulipokuwa hai ulikuwa ukinikatiza katikati ili uagize sucré nyingine, soda yako ya baridi. Mawese uliyakataa, sawa. Lakini asubuhi ilikuwa mkate na chai ambayo kijiko karibu kisimame ndani yake. Mchana ilikuwa lituma, ndizi za kuchemsha na kuponda, na ndizi zile tumboni huishia kuwa sukari. Kutwa nzima chupa ya sucré ilikaa kando ya cherehani yako.

Sukari ikifika kwenye seli za ini kwa wingi, haiwi chakula tu, huwa pia ujumbe. Ndani ya kila seli kuna jeni, yaani maagizo ya kutengenezea protini, na nyingi hukaa kimya mpaka zihitajiwe. Seli inapoivunja sukari hiyo, vipande vyake huiamsha protini moja, ambayo huingia kwenye kiini na kufanya jeni fulani zianze kusomwa. Jeni hizo ndizo zinazotoa vimeng'enya vya kugeuza sukari kuwa mafuta. Insulini nayo husukuma upande huo huo. Ini lako lilitengeneza mafuta lenyewe, mdogo wangu, siku baada ya siku, kwa agizo la sukari uliyoinywa. Hakuna aliyekutilia.

Mariamu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema shule imeniharibu.

Jana nikaacha jeni. Nikamwuliza bata wake anawalisha nini. Pumba na mahindi, akasema. Na mafuta je? Akaniangalia kama mtu aliyepotewa na akili: nani anampa bata mafuta? Nikamwuliza, akiwachinja, yale yanayoelea juu ya mchuzi yanatoka wapi. Alikunja na kukunjua pindo la kitenge.

"Bata haiko ndugu yangu," akasema mwishowe, yaani wewe si wa kulinganishwa na bata. Nikadhani nimeshindwa tena. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hatasema tena Zuhura atoke, ila kwa Tonton, ami yetu mwenye kauli ya mwisho, niende mwenyewe, maana yeye hawezi kuanza kueleza mambo ya bata mbele ya wazee.

Basi Ijumaa baada ya sala nakwenda kwa Tonton. Asipoelewa, nitarudi Jumamosi. Asipoelewa Jumamosi, nitahamia kwake. Zuhura atamaliza eda yake chini ya paa lako, na baada ya hapo atakaa au ataondoka kwa kutaka mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Mungu akulaze pema, Issa. Na kama huko kuna watu wa kucheka nao, tafadhali, waambie kwanza kwamba unatania.

Yaya wako