Vibao Viwili vya Baba

Jumapili, 5 Agosti 1973

Baada ya Misa nilishuka mtoni peke yangu. Watu wengi! Basi la Kasese lilileta wafanyakazi wa mgodi na wake zao, viatu vinang'aa, na yule mpiga picha mwenye sanduku la miguu mitatu. Walinunua soda. Walipigwa picha, mto Lhubiriha ukiwa nyuma yao. Waliwatazama Wazaire wa ng'ambo, na Wazaire wakawatazama wao. Kisha wakakaa tu.

Mwanamke mmoja mwenye kofia alimwuliza muuza mandazi: ile endara ya Jumapili, marimba ya vibao vya mti, iko wapi siku hizi? Akaambiwa mmoja wa wapigaji alifariki mwezi wa pili, na wenzake hawapigi mpaka matanga yake yaishe.

Mmoja wa wapigaji. Nilitaka kumwambia jina. Hilaire, baba yangu, wa Butembo huko Zaire, aliyeuza vitenge na chumvi siku sita za juma, na ya saba akapiga vibao viwili vinene kuliko vyote. Niliosha miguu nikarudi nyumbani.

Mama aliuliza kama mtoni kulikuwa na watu. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumanne, 7 Agosti

Baba mdogo Xavier amevuka daraja leo. Kwao Zaire majina ya ubatizo yamekatazwa, huko ni Tsongo tu. Akishafika mlangoni kwetu anapumua kwa nguvu: "Huku niko tena Xavier!" Alikuja na Gidioni, mkulima wa Nyakiyumbu, na Samsoni, mpagazi wa pale forodhani Mpondwe. Wote watatu ni wapigaji. Siku imepangwa: Jumapili, tarehe 2 Septemba, kabla mvua haijashika. Mvua ikishika, vibao havitolewi nje, vinapasuka. Hapo tutangoja hadi mwezi wa kwanza.

Naandika utaratibu ili nisije nikasahau. Endara yetu haina mwenyewe. Wapigaji wakimaliza, kila mmoja anarudi kwake na vibao vyake, hivyo hakuna awezaye kupiga bila wenzake. Watatu ni wa upande huu, baba akihesabiwa, na watatu wa ng'ambo. Vibao vya baba vimefungwa kwenye gunia juu ya meko, na havigusiki. Siku ya kumaliza matanga, wenzake wanapiga mzunguko wa kwanza na kuliacha pengo lake wazi. Mzunguko wa pili, mtoto wa marehemu anaingia. Mama atasimama juu, penye njia, kwa sababu mjane hashuki mtoni. Akivisikia vibao vya baba kwa masikio yake mwenyewe, anavua kitambaa cheusi. Matanga yameisha. Tangu hapo atashuka mtoni Jumapili kama watu wengine.

Mtoto wa marehemu ni mimi. Hakuna mwingine.

Samsoni alisema: "Msichana? Endara hapana kinu, bwana." Gidioni akacheka. Masikio yangu yaliwaka moto.

Baba mdogo hakucheka. "Hilaire aliacha mutoto moja, ni huyu Martine. Ulitaka akazale mwingine kule kaburini?"

Samsoni akasema jambo moja la kweli: nikikosea nafasi, ni kama havikupigwa. Gidioni naye alikubali. Waliondoka. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote.

Jumamosi, 11 Agosti

Najaribu kwa vijiko juu ya meza. Sehemu ya baba naijua, nimeisikia tangu nizaliwe. Lakini ikiwa peke yake si wimbo. Bu. Kimya. Bu-bu. Kimya kirefu. Bu. Kile kimya kinanitisha, naharakisha.

Mwalimu Alisi alitufundisha kuhesabu nafasi tunapoimba kwaya. Nikahesabu. Nilihesabu vizuri — na bado nilifika mapema, peke yangu, kama mgeni aliyekuta nyumba imefungwa.

Jumapili, 12 Agosti

Mpaka umefungwa! Lori la askari lilifika alfajiri kutoka Kasese. Wengine wanasema kuna kipindupindu ng'ambo. Wengine wanasema hapana, ni kahawa ya magendo. Hakuna mtu kuvuka darajani wala majini. Malori yamejipanga Mpondwe hadi kwenye maduka. Basi la Kasese halikuja. Yule mpiga picha hakuja.

Baba mdogo yuko ng'ambo na vibao vyake. Wale wengine wawili pia.

Jumatano, 15 Agosti

Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mabenchi ya kushoto yalikuwa matupu, ndiyo ya watu wa ng'ambo. Niliomba mpaka ufunguke. Kisha nikaona aibu: kuna watu wanalala chini ya malori na ndizi zao zinaoza. Nikawaombea na wao. Lakini nilianza na mimi.

Jumatatu, 20 Agosti

Lazima niandike yote.

Leo tulitwanga muhogo, mama na mimi, michi miwili kwenye kinu kimoja. Mama haongei akitwanga. Tangu mwezi wa pili haongei sana wakati wowote. Mchi wake, mchi wangu, kupokezana kama kawaida. Kisha akabadilisha. Akatwanga mara mbili haraka, akaacha. Mara moja. Mbili tena. Mchi wangu ukagonga wake, nusura uniruke mkononi. Nikadhani amechoka. Nikamwambia apumzike.

"Hapana simama, twanga," alisema. "Huyu ni Xavier."

Sikuelewa. Akarudia, mbili na moja na mbili, macho yake yakiwa ndani ya kinu. Halafu nikaelewa: ilikuwa sehemu ya baba mdogo kwenye endara.

"Usihesabu," mama akasema. "Wewe nahesabu sana. Sikiliza Xavier. Yeye akipanda, wewe iko nashuka."

Nilikosea. Nilikosea tena. Kisha mchi wa mama ukapanda na wangu ukashuka — bu! — mahali pake kabisa, na muhogo ukaruka. Na ule wimbo ulikuwepo! Mle ndani ya kinu, wimbo wa Jumapili, mzima. Kile kimya kilichokuwa kinanitisha kumbe si kimya. Ndimo baba mdogo alimokuwa siku zote.

Mama anazijua sehemu zote. Miaka yote ile alisimama pembeni na mwavuli wake, na mimi nikafikiri anamtazama baba tu. Sasa haruhusiwi kuimba. Haruhusiwi kugusa vibao, wala kwenda penye ngoma. Lakini hakuna aliyemkataza kutwanga.

Tulitwanga mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Jirani akaita kutoka uani kwake: mna wageni wangapi leo? Mama akainamisha uso. Nadhani alikuwa anacheka, ila sina hakika.

Jioni nilimweleza maneno ya Samsoni, kwamba endara si kinu.

"Samsoni hajatwanga," alisema.

Jumapili, 26 Agosti

Mpaka bado. Gidioni alinichukua tukaenda mtoni. Ng'ambo, baba mdogo alikuwa ameshasimama kwenye mchanga. Wanawake wanaofua nguo ndio waliompelekea habari, wakipaza sauti juu ya maji, maana sauti zao hakuna anayezizuia. Lhubiriha si mto mpana pale. Chungwa likirushwa linafika.

Askari wa zamu alitushukia. Kijana, macho mekundu, hajalala. "Nyinyi! Nyuma! Hakuna mtu kuvuka, hakuna kitu kuvuka!"

Gidioni alivua kofia. Akamweleza polepole: kuna matanga, kuna huyu mtoto, kuna vibao huku na vibao huko. Hatuombi kuvuka. Wao watapiga kwao, sisi tutapiga kwetu.

"Hiyo ni kitu kuvuka," askari akasema.

Ndipo baba mdogo, aliyekuwa anasikia yote, akaita kutoka ng'ambo, ambako ushuru wanauita dwane: "Afande! Sauti nayo inalipa dwane?"

Wanawake wa nguo waliangua kicheko. Muuza mandazi naye. Hata Gidioni, na kofia yake mkononi. Niliogopa. Askari alitazama mto, akatazama bunduki yake, akanitazama mimi.

"Nani amekufa?"

"Baba yangu, afande."

Akasema: Jumapili ijayo, mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikizidi hapo, ngoma yenyewe itapigwa risasi. Na mtu akiingiza mguu mmoja majini, asimlaumu.

Baba mdogo alikuwa anaondoka, akageuka. "Martine! Hapana ogopa! Mimi minakungoja palepale!"

Alhamisi, 30 Agosti

Samsoni alipita kuuliza migomba ya kuweka chini ya vibao itakatwa shambani kwa nani. Alitukuta kwenye kinu. Akasimama kwenye ua, mkono kiunoni. Tuliendelea. Mama hakuinua macho.

Baada ya muda mrefu akauliza kama kuna mchi wa tatu.

Jumamosi, 1 Septemba

Hapa Bwera hakuna tone. Lakini milimani ni kweusi tangu asubuhi, na radi zinatembea huko juu. Gidioni anasema maji yatafika chini usiku.

Mama aliteremsha gunia kutoka juu ya meko, akaliweka mlangoni. Hakulifungua. Linanuka moshi na — sitaandika. Nimelala karibu nalo.

Jumapili, 2 Septemba

Naandika hapa hapa mtoni. Nimekaa juu ya jiwe, daftari magotini. Tunangoja maji yapungue.

Mto umejaa. Mwekundu, unavuta magogo, unavuma kama lori linalopanda mlima. Migomba imelazwa toka saa saba, mibichi, inatoa maji. Gidioni ameweka vibao vyake, Samsoni vyake, na vya baba Samsoni ndiye aliyevitoa kwenye gunia na kuniwekea. Vyeusi, vimeng'aa katikati pale alipopiga. Nafasi za watu wa ng'ambo wameziacha wazi. Endara yetu imelala na mapengo kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Ng'ambo nao wamelaza yao. Naona mapengo yao.

Saa tisa walijaribu. Baba mdogo alipiga, niliona mkono wake ukishuka. Sikusikia kitu! Maji tu. Alipiga tena. Hata Gidioni alitikisa kichwa. Samsoni akasema tungoje, mto wa mlimani unajaa haraka na unapungua haraka.

Watu wamekuja hata hivyo. Wa Bwera, wa Nyakiyumbu, madereva wa yale malori waliokwama siku zote hizi, wamejipanga kwenye ukingo na mandazi yao. Dereva mmoja alisema ndiyo Jumapili yake ya kwanza ya starehe tangu mpaka ufungwe. Mwenzake akamwambia ashushe sauti, hapa kuna matanga.

Saa kumi na nusu. Maji yameshuka kidogo. Jiwe jeupe la katikati ya mto limeanza kuonekana.

Mama yuko juu, penye njia, amesimama tangu mchana. Hajakaa. Toka kule, na mvumo huu wa mto, atasikia nini? Nimemwuliza Gidioni. Akasema labda.

Askari amekuja kuuliza ngoma inaanza lini. Yeye anatoka zamu saa kumi na mbili, anayemfuata ni mtu mwingine, hamjui roho yake. Gidioni alimpa andazi. Alilipokea.

Saa kumi na moja na kitu. Jua limefika juu ya vilima vya Zaire. Baba mdogo ameinua mikono yote miwili juu, ameiacha hapo. Ina maana hatungoji tena. Gidioni anajibu kwa mikono yake. Moyo wangu!

Wameanza. Gidioni na Samsoni nawasikia, wako hapa ubavuni. Wa ng'ambo ninawaona tu. Vijiti vinapanda na kushuka, na maji yanakula kila kitu. Mara moja nimepata — ko — nyembamba, kisha imepotea. Mzunguko wa kwanza, pengo la baba linapita. Limepita. Bado si zamu yangu. Lakini ikifika nitaingia wapi? Simsikii Xavier! Gidioni ananitazama, anapiga. Nikihesabu nitafika mapema. Najua nitafika mapema. Vijiti nimevibana kwapani.

Watu wanageuza vichwa. Mama ameondoka pale juu.

Anashuka. Na kitambaa chake cheusi kichwani, bila kukimbia, na watu wanampisha njia. Muuza mandazi amesema mama, hairuhusiwi, bado! Gidioni amemwona. Anaendelea kupiga. Samsoni naye anapiga.

Amefika. Amesimama mbele ya vibao vya baba, upande wa pili. Hanitazami, anatazama ng'ambo, mikono ya Xavier. Ameinua pindo la kitenge. Mguu wake unakanyaga mchanga. Mbili. Moja. Mbili tena.

Ni Xavier, kama kwenye kinu. Sasa napajua pa kuingia, naweka kalamu chini.