Pikipiki ya Baba Mkubwa Seif

Shikamoo mama. Joto la Maskati linapika hata kivulini, lakini sijambo.

Baba mkubwa Seif kanunua pikipiki mpya yenye sura ya zile za zamani, inang'ara kama sinia. Jana alasiri wenzake waliijaribu mmoja mmoja hapa Azaiba, kisha wakakaa kwa kahawa na halua kuitia ila. Mmoja kasema milima ya Bustan itaipanda ikihema. Mwengine kasema bei yake rahisi, lakini nzito kama ng'ombe. Wa tatu, aliyeungua mguu kwa bomba la moshi, kasema, "Iuze, Seif!" Baba mkubwa akawamiminia kahawa tena. Nikamwonea huruma.

Mara mkewe, dada yako Salma, akatoka na helmeti juu ya mtandio. Unajua magoti yake: kwenye lile gari lao lililoinuka juu lazima abebwe, na kwa aibu alishaacha kutoka. Kiti cha pikipiki ni cha chini. Kumbe mumewe alinunua kiti, si mwendo. Akakaa taratibu, peke yake.

"Na mie nna maoni," akawaambia wale wanaume. "Twende, Seif."

Walirudi magharibi wakinuka bahari.

Halua yako nnayo, mama, na mikono yako naibusu. Dada yako kaniagiza neno moja tu: "Mwambie nimepanda mwenyewe."